Nesi alirudisha zaidi ya nusu ya vitu tulivyofuma. Tuendelee au tuache?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Njombe mjini. Huku kwetu mwezi wa Juni na Julai baridi haina mzaha. Alfajiri ukifungua mlango ukungu uko kizingitini. Karibu kila nyumba ina mtu anayejua kufuma. Mimi nilifundishwa na mama mkwe wangu, yeye alifundishwa na mamake.

Kila Alhamisi jioni wanawake wa jumuiya yetu tunakutana kwenye baraza ya mmoja wetu, kila mtu na sindano zake. Zamani kila mmoja alifuma vyake: vitambaa vya makochi, sweta za watoto, shali za wakwe. Mwaka jana binti wa mwenzetu alijifungua mtoto njiti, mimba ikiwa na wiki thelathini hivi. Tulipokwenda kumwona tukakuta wodi ina akina mama wengi, wengine wametoka vijijini mbali, na baadhi ya vitoto vimevalishwa kofia zilizokatwa kutoka kwenye soksi za watu wazima. Wiki hiyo hiyo tukakubaliana kuchanga hela ya uzi tuwafumie.

Tulifuma kwa miezi. Mwezi wa sita tukapeleka mfuko wa salfeti umejaa: sweta ndogo ndogo zenye vifungo, kofia, soksi, vitambaa vya kufunikia. Nesi kiongozi wa wodi alitushukuru sana, tukapiga picha na akina mama. Halafu akamwaga vitu mezani akaanza kuchambua pale pale mbele yetu. Sweta zote pembeni. Kofia zenye utepe na mashada pembeni. Akachukua shali nyeupe ya kroshia, kazi ya fundi wetu mkubwa, ile yenye maua na matundu, akaingiza kidole kwenye tundu moja akasema, "Mama, kidole cha mtoto kitanasa hapa." Mwisho wa siku tulirudi nyumbani na zaidi ya nusu ya mzigo.

Shangazi, tangu siku hiyo kikundi kimepasuka. Wengine wanasema tumedharauliwa, sadaka ya mtu haichambuliwi. Fundi wetu haji tena Alhamisi. Nikimpigia simu anasema ana kazi za shamba. Vijana wawili wanasema bora tuuze tunachofuma tupeleke pesa taslimu. Wazee wanajibu kwamba kitu ulichokwisha kukitoa kwa ajili ya mtoto mgonjwa hakiuzwi. Na nyumbani mume wangu ananiuliza swali ambalo sina jibu lake: kwa nini tunanunua uzi kwa bei ile wakati kwenye mnada sweta la mtoto la mtumba unalipata kwa hela kidogo kuliko uzi wenyewe?

Tuendelee au tuache? Na huyu fundi wetu nimrudishe vipi?

Mfumaji, Njombe

* * *

Marahaba mwanangu, na salamu kwa wenzako wote wa Alhamisi.

Nianze na nesi, kwa sababu hasira za kikundi zimemwangukia yeye. Kuchambua mbele yenu haikuwa busara. Angepokea, akawaaga vizuri, kisha akampigia mmoja wenu simu kesho yake. Lakini alichosema ni kweli tupu, na angenyamaza kwa kuwaonea haya, mzigo wenu ungeishia kwenye kabati la stoo huku nyie mkiendelea kuchanga hela mfume vingine vya aina ile ile. Mimi ningependa muelewe aliona nini mezani pale, maana mkishaelewa hayo mengine yatakuwa mepesi.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba hajapata bado mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Ngozi yake ni nyembamba, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto jingi humtoka kichwani. Joto la mwili wake linatakiwa likae kati ya sentigredi 36.5 na 37.5. Likishuka, ile nguvu kidogo aliyonayo inaishia kwenye kujipasha joto: sukari ya damu inapungua, anachoka kunyonya, anaanza kupumua kwa taabu. Na joto halimtoki kwa upepo wa mlangoni tu. Nepi iliyolowa inampoza, godoro la baridi linampoza, hata ukuta wa baridi ulio karibu naye unamvuta joto bila kumgusa. Kwa hali ya hewa ya Njombe, kofia kwa mtoto huyo ni sehemu ya matibabu. Hapo hamkukosea hata kidogo.

Sweta ndiyo habari nyingine. Wodi nyingi za watoto njiti sasa zinatumia njia ya kangaruu, ambayo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale Daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto wengi na mashine chache za kuwatunzia joto. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi basi. Analazwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha anafungwa kwa khanga au kitenge asiteleze, mchana na usiku. Joto la mama ndilo linalomtunza. Sweta hata liwe zuri namna gani linakaa katikati ya ngozi ya mama na ya mtoto, linazuia kile hasa kinachomponya. Shirika la Afya Duniani lilisimamia utafiti mkubwa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2021. Watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali yao itulie kwanza, walifariki wachache kwa robo nzima kuliko wale waliongojeshwa. Robo nzima, mwanangu. Nesi anayetoa sweta mezani ana hilo kichwani.

Kwa hiyo fumeni kofia, na soksi. Na kofia zenyewe nina ya kusema, kwa sababu hapa ndipo mfumaji mzuri anapopotea: anafuma kofia ya mtoto anayemjua, aliyezaliwa kwa wakati wake na kilo tatu zake. Kichwa cha mtoto huyo kina mzingo wa sentimita 34 au 35 hivi. Cha aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 32 ni kama 29. Cha wiki 28 ni kama 26, yaani sawa na chungwa kubwa. Nunueni chungwa sokoni, lipimeni kwa futi ya fundi cherehani, na kofia ya saizi ndogo kabisa ivalishwe juu yake: ikibana chungwa bila kulegea na ikivutika kidogo, imekaa. Ikizunguka, itateremka machoni na puani kwa mtoto. Ukingo ufumwe kwa ule mtindo wa mistari inayovutika tunaouweka kwenye mikono ya sweta. Fumeni kwa kuzunguka, kwa sindano nne au kwa kroshia, ili kusiwe na mshono, maana mshono unaacha alama kwenye ngozi laini kama ile. Kama ni kroshia, tumieni sindano nyembamba na mfume kwa kubana, isiwe kazi ya matundu. Vifungo, utepe, shanga na mashada viacheni kabisa.

Soksi zina hatari yake, nayo watu hawaijui. Uzi ukibaki umening'inia ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukikaba mpaka damu isifike, na mtoto mchanga hawezi kusema panamuuma wapi. Kila soksi igeuzwe nje ndani na mtu mwingine, si aliyeifuma, na kila ncha ya uzi ifichwe kwa sindano na ivutwe kuona kama inatoka.

Uzi uwe laini usiotoa manyoya: pamba, au ule wa akriliki wa watoto. Ukitaka kujua unafaa, upitishe shingoni mwako au juu ya mdomo. Ukikuwasha wewe, yule hatauweza. Kabla ya kupeleka, fueni kwa sabuni isiyo na manukato, suuzeni mpaka maji yawe safi, na kaushieni mbali na moshi. Najua Julai jua linawanyima, lakini kofia iliyokauka juu ya jiko la kuni inaingia wodini na harufu ya moshi na masizi. Pangeni kwa saizi, kila saizi kwenye mfuko wake wa nailoni unaoonyesha ndani, na muandike juu. Nesi aliyeshika zamu peke yake usiku hana muda wa kujaribisha kofia moja moja.

Sasa fundi wenu. Huyu ndiye aliyenisumbua zaidi katika barua yako, kwa sababu amejeruhiwa katika kitu anachokijua kuliko wenzake wote. Usimrudishe kwa simu, na usiandike neno kwenye grupu la WhatsApp. Nenda nyumbani kwake, ukae. Na usiende na pole peke yake, nenda na kazi.

Kazi ipo, na ni ya kiwango chake. Mtazame mama aliye kwenye kangaruu: blauzi imefunguliwa, kifua wazi, khanga imezunguka yeye na mtoto, amekaa nusu ameegemea mito usiku kucha. Mtoto ana joto. Mama mwenyewe mabega na mgongo viko nje, na hawezi kuvaa sweta la kawaida la kupitisha kichwani kwa sababu kila baada ya saa mbili au tatu mtoto ananyonya au anapimwa. Anahitaji shali: pana, nzito kidogo, inayofunika mabega na kuteremka mikononi, ikimwachia kifua. Mama akitetemeka kwa baridi, anamtoa mtoto arudi kitandani ajifunike, na hapo kazi yote inaharibika. Hilo fundi wenu analiweza kuliko mtu yeyote hapo. Mwambie afume mtindo uliojaa, asiache matundu upande unaomkaribia mtoto. Maua yake ayaweke kwenye pindo la chini mgongoni kama roho inataka. Mwulize pia ni upana gani utatosha mama mnene, afundishe wengine namna ya kuupata. Akikubali, yale mashali yake ya zamani yaliyorudishwa yapelekeni kwa bibi na wajane wa jumuiya yenu ambao hawana vitoto vya kunasa vidole.

Vile visweta vyenye vifungo kama vingine vina ukubwa wa kutosha, wapeni watoto waliokwisha kutembea. Kazeni vifungo upya kwanza.

Kuhusu mumeo, ana hoja, nawe mwambie hivyo. Sweta la mtoto wa miaka minne liko tele kwenye mitumba, na kulifuma kwa uzi mpya kwa ajili ya msaada ni kupoteza pesa ya kikundi. Lakini mwombe akutafutie mnadani kofia ya mzingo wa sentimita 26 isiyo na mshono. Hataipata, na ndiyo maana mliona zile soksi zilizokatwa. Kofia kama hiyo inakula uzi kidogo sana. Donge moja la gramu 100 linaweza kutoa tano au sita, mara nyingine zaidi. Hesabu ya uzi inabadilika kabisa mkiacha sweta.

Na mitumba yenyewe igeuzeni shamba lenu la uzi. Tafuteni sweta kubwa la mtu mzima la sufu, lililochoka viwiko au lililopasuka mahali pamoja, ambalo wanunuzi wanalipita. Kabla ya kulipa, ligeuze uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona umekatwa na kupigwa ovaloki, liache, kwa sababu ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi. Ukiona kingo zake ni nzima, vitanzi vimepangana kama mnyororo, hilo limefumwa kwa umbo lake, nao uzi utatoka mrefu kuanzia shingoni hadi chini. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usichanganyike, uufue kwa maji ya uvuguvugu, kisha uutundike na kitu kizito kidogo chini ili ule mkunjo unyooke. Sweta moja kubwa linakupa kitu cha kuanzia shali nzuri ya mama. Kwa kofia za njiti sitautumia uzi huo. Wao wanunulieni mpya ulio laini.

Kitu kimoja zaidi kwenye uzi, kwa sababu huko kwenu watu wanaota moto. Akriliki ikishika moto inayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Sufu ni ngumu kushika moto, na hata ikilowa bado inatunza joto. Choma kipande kidogo cha uzi usioujua: ukiyeyuka ukaacha kidonge kigumu, ni akriliki au wa aina hiyo, ukinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika, ni sufu. Shali za bibi wanaokaa jikoni usiku zitoke kwenye sufu ya mitumba.

Ugomvi wa kuuza au kutouza mimi nauona umeletwa na kutokukubaliana mapema. Wazee wako wana haki: kilichofumwa kwa uzi wa mchango wa watoto njiti kisiuzwe, hata kile kilichorudishwa. Vijana nao wana haki, maana kikundi kinachoishi kwa kuchanga kitachoka. Baridi ya Njombe ina wateja. Shule zinataka sweta za wanafunzi kila Januari, na watu wanaotoka Dar es Salaam kuja huko Julai wanafika na mashati mepesi. Fumeni kwa ajili ya soko kwa uzi wa soko, daftari lake, na sehemu ya faida mliyoikubali wote ndiyo inunue uzi wa wodini. Madaftari mawili, mifuko miwili, na asiyetaka kuuza asilazimishwe.

Wasiojua kufuma vizuri wapeni vipande vya mraba vya sentimita 20 kwa 20. Kuna mradi Afrika Kusini unaoitwa Knit-a-Square ambao unapokea vipande vya kipimo hicho kutoka nchi mbalimbali, na vipande 35 vinaunganishwa kuwa blanketi la mtoto, safu tano kwa saba. Blanketi hilo linakuwa na mita 1 kwa mita 1.4. Huyo binti anayeshika sindano kwa mara ya kwanza Alhamisi hii anaweza kumaliza kipande kabla giza halijaingia, na akaona kinaingia kwenye kitu cha kweli.

Kuna jambo hukuniuliza, lakini siwezi kulinyamazia. Mmesema mlipiga picha na akina mama. Naomba msipige tena. Mama yule amekaa kifua wazi, hajalala siku nyingi, mtoto ana mrija puani, hajui kama ataondoka naye. Akiombwa picha na watu waliomletea msaada hana nguvu ya kukataa. Na mtoto asipopona, picha hiyo itabaki kwenye simu za watu asiowajua. Kama mnahitaji kumbukumbu ya kikundi, pigeni picha kofia zikiwa zimepangwa mezani kwenu kabla hamjaondoka. Zile za mwezi wa sita zifuteni, na kama kuna aliyeziweka status mwambieni azitoe.

Kwa hiyo msiache. Lakini kabla hamjanunua donge jingine, nenda wewe na fundi wenu, wawili tu, mkamwone yule nesi siku isiyo na pilika. Mwulizeni wanapokea watoto wa uzito gani zaidi, kofia zinafuliwaje na kwa dawa gani, na mama akiruhusiwa anaondoka na kofia au inabaki wodini. Swali hilo la mwisho ni la muhimu kuliko linavyosikika. Mtoto aliyeruhusiwa akiwa na kilo mbili anapanda basi kwenda Makete au Ludewa kwenye baridi kuliko ya wodini, na kofia yake inapaswa kwenda naye, kwa hiyo zinahitajika nyingi na kila mara. Mwulizeni pia ni miezi gani vitu vinakwisha. Novemba 17 ni Siku ya Mtoto Njiti Duniani, na wakati huo wageni wenye zawadi ni wengi. Mimi ningepanga mzigo wenu mkubwa ufike mwishoni mwa Mei, kabla baridi haijakaza.

Shangazi